Mwanangu Oliva Anarudi Darasani

Mwanangu Oliva,

Kabla sijakujulia hali, acha nitoe kwanza kitu ambacho kinywa changu hakijamwambia mtu yeyote, ingawa wapo waliokiona kwa macho yao. Ile Jumapili uliyopanda Mbinga ili Jumatatu ufuatilie ruhusa yako ya masomo, ukaniacha na kitabu cha Bailojia na sufuria ya maharage jikoni, sikusoma. Na maharage yaliungua. Mimi nilikuwa kijiji cha pili, nimevaa gauni lako jeupe, nacheza kioda, ngoma yenu ya kina mama wa ziwani, mbele za watu.

Ndiyo, mimi huyu. Mimi ambaye mwalimu akiita mahudhurio nainua kidole kwa sababu sauti haitoki.

Najua umeanza kucheka hapo juu kwenye "mwanangu". Lakini ulianza wewe. Ulinipa jina la mama yako, Skolastika, ukaniita Mama tangu sijaota meno. Mjomba Gaspari akishuka kutoka Ukata milimani na mfuko wake wa kahawa, huniamkia shikamoo mimi, halafu ananiomba ruhusa ya kuongeza sukari kwenye kikombe, eti mama yake asije akamkaripia. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mchezo wa watu wazima. Leo naona kuna kazi ndani yake. Kama mimi ndiye mama yako, na wewe ndiye unayeondoka nyumbani kesho, basi barua ya kuagana ni mimi wa kuiandika.

Nilianza kwa Kiingereza, kama tunavyotakiwa shuleni. Baada ya mistari mitatu nikaona nakuandikia kama mtu anayeomba kazi. Nimekichana kile kipande. Kimatengo changu nacho unakijua, kinatosha kusalimia na kuomba maji. Kwa hiyo tuongee Kiswahili.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia uchemshe maji, wala ulale na chandarua. Wewe ndiye uliyeniambia hayo yote, na nesi wa shule hafundishwi chandarua. Nataka kukuambia mambo ambayo mimi nayajua na wewe huyajui, na ni machache, kwa hiyo vumilia.

La kwanza ni hilo la gauni.

Ulikuwa umeondoka na gari la asubuhi. Mimi nimepika, nimefungua kitabu, nikasikia hodi. Alikuwa Mama Anjela, kiongozi wa kikundi chenu cha kioda, na filimbi yake shingoni na jasho usoni. Alikuja kukuchukua wewe. Kikundi kilikuwa kimealikwa upande wa Liuli, wenyeji wameshapika, wameshafagia uwanja, na wewe ulikuwa umesahau kumwambia kwamba hutakuwepo. Akasimama pale mlangoni akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Mstari wenu unakwenda wawili wawili, na wewe ulikuwa unacheza na Mama Fidelisi. Ukikosekana wewe, Mama Fidelisi anacheza na hewa. Akasema wale wenyeji wakiona pengo kwenye mstari watalitungia wimbo, na wimbo huo tutausikia mpaka Krismasi.

Nikasema pole. Hicho ndicho nilichosema, pole, nikashika mlango niufunge taratibu.

Mama Anjela akaniangalia kuanzia chini mpaka juu, kama wewe unavyomwangalia mtu anayesema ana homa. Akaniuliza gauni lako liko wapi.

Sasa, mwanangu, kuna kitu hukujua. Mimi kioda nilikuwa nakifahamu. Jioni zile ulizokuwa unafanya mazoezi sebuleni, umekunja mkeka, unaimba Kinyasa kwa ulimi wa Kimatengo, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti karibu na redio na kitabu mbele ya uso. Kitabu kilikuwa hakisomwi. Nilikuwa naangalia miguu yako. Ukitoka kwenda zamu ya usiku kwa wagonjwa, mimi nabaki nacheza peke yangu, mlango nimefunga, pazia nimeshusha. Nilikuwa nimeshika kila hatua. Wala sikujua kwa nini najifunza. Nilikuwa napenda tu jinsi unavyokuwa ukicheza. Ukiwa na koti la nesi unatembea kama mtu anayebeba bakuli lililojaa, lakini ukiwa kwenye kioda unaachia.

Kwa hiyo Mama Anjela alipouliza gauni, miguu ilijibu kabla ya kichwa. Nikaenda kulitoa kabatini. Lilinipwaya. Akalibana kwa pini mgongoni, pini nyingi, akaniambia nisikae chini mpaka jioni. Tukatembea njia ya ziwani, mimi nyuma kabisa, nikiomba mvua inyeshe.

Haikunyesha.

Uwanja ulikuwa umejaa. Watoto wamepanda juu ya mitumbwi iliyopinduliwa ili waone vizuri. Wanawake wa kule wamevaa sare zilizopigwa pasi mpaka zinakata. Tukajipanga. Mama Fidelisi akanishika mkono, mkono wake unanuka dagaa, akaninong'oneza nisiangalie watu, niangalie kisogo cha aliye mbele yangu. Ngoma ikaanza, filimbi ikalia, tukaingia.

Mwanzo nilikwenda vizuri. Nilishangaa mwenyewe. Mbele tatu, nyuma moja, goti, bega. Halafu Mama Anjela akapuliza ile filimbi ndefu ya kugeuka. Mstari mzima ukageuka kulia. Mimi nikageuka kushoto.

Unaelewa kilichotokea? Nilijifunza kwa kukutazama wewe kwa mbele, nimekaa kwenye kiti mbele yako. Kulia kwako kulikuwa kushoto kwangu. Nilikuwa nimejifunza kioda chote kinyume, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kwa sababu nilikuwa nafanya mazoezi peke yangu chumba kimefungwa, hapakuwa na mtu wa kuniambia.

Nikagongana na Mama Fidelisi uso kwa uso. Yeye ni mtu mzito, mimi nikarudi nyuma nikamkanyaga mwingine. Pini mbili zikafunguka. Nikasikia uwanja wote unacheka, kicheko kile cha kuanzia upande mmoja na kuzunguka mpaka upande wa pili. Mwanangu, hilo ndilo jambo ninaloliogopa kuliko mamba. Maisha yangu yote nimeyapanga nisicheke vibaya, nisijibu vibaya, nisipite katikati ya watu, ili nisije nikasikia kicheko hicho. Nikakisikia. Nikasubiri nife.

Ngoma haikusimama. Mpigaji hakuangalia hata kidogo. Mama Fidelisi akanigeuza mabega kama mtu anayegeuza mtungi, akasema, "Cheza, mjukuu wangu, aibu utaimalizia nyumbani."

Nikacheza. Filimbi ikalia tena, nikakosea tena, kwa sababu miguu ilikuwa imeshazoea makosa yake. Safari hii Mama Fidelisi alikuwa ameshajua, akanifuata mimi. Tukageuka kushoto wote wawili, wenzetu kulia. Ikawa kama tumepanga. Wenyeji wakapiga vigelegele. Bibi mmoja akaingia uwanjani akanibandika noti kwenye paji la uso. Na kufikia wimbo wa mwisho nilikuwa nacheka mimi mwenyewe, kwa sauti, meno yote nje, nimevaa gauni linalonivuka mabega. Walipotuandalia ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma, dada mmoja wa kikundi cha kule akaja kumwuliza Mama Anjela mtindo ule wa kugeuka pande mbili tumeupata wapi. Mama Anjela akamjibu bila kupepesa macho kwamba ni wa milimani, umeletwa na Wamatengo.

Kwa hiyo mkianza kuitwa kila kijiji kwa ajili ya mtindo wa milimani, ujue chanzo chake.

Njiani kurudi niliwaomba wale kina mama wasikuambie. Mama Anjela akasema hiyo ni habari yangu, nitaitoa nitakapotaka. Wameitunza mpaka leo, na wewe unajua jinsi Mama Fidelisi anavyoteseka kutunza kitu. Yale matope kwenye pindo la gauni, uliyoniuliza na nikasema ni kuku, hayakuwa kuku.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Leo mchana ulitoa nguo zako zote kwenye begi. Ulizitoa moja moja ukazipanga tena kabatini, ukaniambia bila kuniangalia, "Mama yangu, nafikiri niahirishe mpaka mwakani. Bweni utaliweza wapi wewe, hata chumvi kwa jirani huombi." Halafu ukachukua funguo ukaenda kumwonyesha yule nesi mgeni, atakayeshika nafasi yako, chumba cha wagonjwa. Mpaka sasa hujarudi. Jua limeshaanza kugusa maji, na mimi naandika haraka.

Mchana sikukujibu. Nimezoea kutojibu. Lakini nilikaa nikafikiri, nikaona umesema nusu ya kweli, na nusu nyingine umeificha.

Mimi nimekaa na wewe siku zote hizi, mwanangu. Nakufahamu. Nakufahamu unavyowajua wagonjwa wa uongo. Siku ya jaribio la hesabu foleni inafika mpaka kwenye makopo yako ya maua, na wewe unatoka na koti jeupe, unamwuliza wa kwanza anaumwa nini. Tumbo, nesi. Upande gani? Pande zote. Na wewe, bila kucheka, "Basi hilo si tumbo, hilo ni hesabu." Unampa kikombe cha uji wa ulezi usio na sukari, unamrudisha darasani amepona. Lakini yule binti wa kidato cha kwanza aliyekuja analia kwamba anatokwa damu na atakufa, hukumwuliza maswali hayo. Ulifunga mlango, ukamchemshia maji, ukamfulia sketi yake kwa mikono yako huku unamsimulia jinsi wewe ulivyojificha kwenye shamba la kahawa siku yako ya kwanza. Alitoka anacheka. Anajua kwa nini alicheka, lakini sidhani kama anajua ulikuwa umekosa mechi ya timu yako redioni kwa ajili yake. Mimi najua, maana niliisikiliza kwa niaba yako na ilibidi nikuambie mmefungwa.

Mtu anayejua tumbo la hesabu ni lipi, anajua pia kuahirisha ni ugonjwa gani.

Usiku nakusikia. Ukiwa unaoga, unataja mifupa ya mkono kwa Kiingereza, kutoka begani kushuka mpaka vidoleni. Ukifika kwenye kiwiko unakwama, unarudi begani, unaanza upya. Wiki iliyopita ulimwambia Mama Anjela kwamba darasani utakaa na watoto waliozaliwa wewe ukiwa tayari unachoma sindano, na watakucheka ukisoma kwa sauti. Ulisema kama utani. Mama Anjela alicheka. Mimi nilikuwa nachambua mchele, sikucheka, kwa sababu hiyo sauti naijua. Ni yangu. Kumbe tunafanana hivyo na hatukuwahi kuambiana.

Miaka yote hiyo nimedhani aibu hii nimeipata kwa baba, ambaye hata akipiga simu kutoka Mtwara anaongea kama analipia kila neno. Kumbe nimeipata kwako. Wewe umeivisha tu koti jeupe.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, usinifanye mimi kuwa sababu. Ukitaka kubaki kwa sababu unaogopa, sema unaogopa, tukae tuogope wote. Lakini usiseme ni kwa ajili ya Skolastika asiyeweza kuomba chumvi. Nikibaki na hilo nitalibeba mpaka nizeeke, kwamba mama yangu angekuwa nesi mkubwa kama si mimi.

Na chumvi nimeomba. Sikiliza.

Ulipotoka na funguo, nilivaa viatu nikaenda bwenini kwa matroni. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi. Nikamkuta amekaa nje anasuka, wasichana wanafua nguo kando yake. Nikaamkia, nikasema sentensi yangu. Akasema hasikii. Nikasema tena. Akasema, "Wewe si mtoto wa nesi? Mbona unaongea kama unamwambia siri huyo kuku?" Wasichana wakacheka wote. Na mimi nikangoja kile kitu kinachonijia kifuani, kikaja, lakini kilikuja kidogo. Kama mtu aliyekuwa anatisha halafu umemwona anakula. Nikasema kwa mara ya tatu, kwa sauti, mpaka yule aliyekuwa anaanika shuka akageuka: "Naomba kitanda, kuanzia kesho, mama yangu anakwenda chuoni."

Nimepewa cha juu, karibu na dirisha. Wa chini yangu anaitwa Tekla, anatoka Mbamba Bay, ameniambia mapema kwamba anakoroma na kwamba nikimrushia kiatu hatakasirika. Wikiendi nitakwenda kwa Mama Anjela. Mama Fidelisi amesema atanifundisha kugeuka kulia, lakini mbele za watu niendelee kushoto, maana jina limeshatoka.

Umeona? Sikuwa na ujasiri. Bado sina. Nilijifunza tu kitu kimoja pale uwanjani na nakipitisha kwako kama kilivyo, bila kukiremba. Nilidhani kicheko kikija, kila kitu kinasimama. Hakuna kilichosimama. Walicheka, wakamaliza, wakala, wakatuomba turudi. Wale watoto wa chuoni watacheka ukikwama kwenye kiwiko. Halafu mmoja wao atashikwa na homa, au atalia kwa kukumbuka kwao, na atatafuta mtu mzima wa kumgongea mlango. Nani mwingine atakuwepo?

Kuna kosa langu moja nataka ulijue, kwa sababu mzazi anayejitaja kwa mazuri tu haaminiki. Wakati unangoja jibu la chuo, kila Jumapili kanisani nilikuwa naomba ukose. Nilikuwa nasema, Mungu, mpe mwingine, huyu ana kazi tayari. Halafu siku ile jibu lilipokuja, ukapiga yowe jikoni, ukamkumbatia Mama Anjela, ukachukua kikaango ukakaanga kahawa ya Mjomba yote, ukapitisha vikombe nyumba zote za walimu, hata kwa mwalimu wa hesabu ambaye anakudai wanafunzi wake wa siku ya jaribio. Nyumba ilinukia milima. Nikakutazama unavyocheka na masizi puani, nikaona nilikuwa naomba nini. Nilikuwa naomba ule uso usiwepo. Jumapili iliyofuata nilikwenda mapema nikaomba upya.

Kwa hiyo uso ule, mwanangu, nautaka. Uende nao. Usiniachie mimi hapa nyumbani nyuso nyingine zile za kuahirisha, zinanitosha zangu.

Kuhusu bibi sijui mengi. Ninayoyajua umenisimulia wewe, kwamba mara ya kwanza unakwenda kusomea unesi yeye hakukulilia, alisema tu anayekwenda kusoma haagwi kama marehemu, akarudi kuchuma kahawa. Ulisema uliumia siku ile. Mimi siwezi kuwa kama yeye. Kesho nitalia, najifahamu, na nitalia mbele ya kondakta na abiria wote na wauza maandazi. Wewe panda tu. Mimi nikilia hapo chini wewe kaa dirishani, na gari likipandisha mlima usishuke.

Nilikuwa nimepanga kuikunja karatasi hii nikaitie katikati ya nguo zako, uikute ukiwa umeshafika, ili nisiwepo ukiisoma. Ndivyo ninavyofanya mambo yangu. Lakini nguo zenyewe ziko kabatini, na barua ikikufikia baada ya safari haitakuwa na faida kama safari yenyewe haipo.

Nasikia nyayo. Ni zako, maana unaburuta ndara ya kushoto, na funguo zinalia. Umesimama kwenye maua. Unamwambia mtu usiku mwema, nafikiri ni yule nesi mgeni, na sauti yako imechoka.

Mkono wangu umeshaivuta karatasi kuelekea chini ya kitambaa cha meza. Nimeuzuia.

Iko hapa mezani, wazi, na wino haujakauka. Ukiingia utaniuliza naandika nini, na mimi sitasema ni Bailojia. Nitakuomba ukae, mwanangu, nikusomee mwenyewe, kwa sauti.